Aliyeshika Chuma Mkiani

Pigo lilitoka ndani ya mkia wa ndege, na ndani ya mkia hapakuwa na mtu.

Hakimu mstaafu aliweka chini nyundo ya upepo akasikiliza. Alumini ikipata joto hutanuka, na ikitanuka hulia. Maelezo hayo yalitosha, akayapokea. Lakini pigo lile alilifahamu. Miaka yote aliyoiunganisha ndege hii na mkewe katika gereji ya nyumba yao, yeye alipiga ribiti, misumari butu ya kuunganishia bati, kwa nje, na mkewe, mwembamba, akajipenyeza ndani kushikilia kipande cha chuma ili ribiti ibonyee sawasawa. Kelele haikuruhusu maneno, kwa hiyo mkewe alijibu kwa kugonga bati: mara mbili, imekaa vizuri, mara moja, rudia.

Sasa mkewe alikuwa kaburini. Ribiti za mkiani alizishikia akiwa mgonjwa, mkono ukitetemeka, zikalala upande. Hakimu alikuwa akizitoa kwa drili na kuzitia upya, maana binti yao, rubani, ndiye angeirusha ndege hiyo. Kwa kuwa sasa alifanya kazi peke yake, chuma alikuwa amekifunga kwa kamba. Alipochungulia, kamba ilikuwa imefunguliwa, na chuma hakikuwa kimeanguka, kana kwamba kimeshikwa na mkono.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Pigo moja. Akarudia.

Binti alipokuja kumwona, alipitisha kidole kwenye bati. "Baba, hizi si zilikuwa nzuri kabisa wiki iliyopita? Mbona umezitoa tena?"

"Mama yako anataka nirudie."

"Baba!" Akatia kidole katika tundu moja. "Kila ukitoboa, tundu linapanuka. Bati hili limekuwa chekeche. Unataka nipande hiki kitu?"

Binti alinusa harufu ya nywele zilizoungua ikitoka mkiani, ambako hapakuwa na moto, akatoka mbio kumwita mganga, ajuza wa mtaa wa nyuma.

Mganga alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mheshimiwa, shahidi wako umemhoji, au umempenda tu?"

Swali lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Akachukua ribiti, akaipiga kombo makusudi, kichwa kikalala kama mlevi, kazi ambayo mkewe angeicheka mpaka machozi kisha amwamuru aitoe.

Mapigo mawili. Imekaa vizuri.

Akapiga nyingine, mbovu zaidi, na mapigo mawili yakajibu kabla nyundo haijanyamaza, mepesi, yenye furaha, naye akaelewa kwamba kilichojikunja mle ndani, kikimkataza kila kilicho imara na kukisifu kila kilicho kibovu, kilikuwa kikiisubiri siku ambayo mwanawe angefunga mkanda na kupaa.

"Si yeye," akasema.

"Ni jini. Aliukuta upweke wako wazi, akaingia," mganga akanong'ona. "Dawa yangu itamlegeza, lakini wa kumtoa ni wewe. Mwambie: ondoka, sikuhitaji."

Hakimu akafumbua kinywa, akakifumba. Maisha yake yote aliwaapisha watu waseme kweli, naye hakuwahi kutamka asiloliamini. Alipima sentensi ile fupi kila upande, ikawa uongo kila upande. Tangu msiba, ni mkono huu peke yake uliomjibu ndani ya nyumba hii.

"Ninamhitaji," akasema taratibu.

"Baba, tafadhali." Binti alikuwa akilia. "Na mimi je?"

Akamtazama. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye bati lenye matundu. "Ondoka. Sikuhitaji."

Kitu kizito kilianguka ndani ya mkia. Harufu ile ikapungua, ikapungua, ikabaki ya mafuta na vumbi, kama gereji yoyote.

"Ameondoka?" binti akauliza.

"Amekuamini, Mheshimiwa," akasema mganga, akijinyanyua kwa shida.

Binti akamshika baba yake mabega, lakini yeye hakugeuka. Alikuwa ameweka sikio kwenye bati, na alumini ilikuwa baridi.