Dubwi la kwa Clara

"Raudha, fungua taratibu, limeshiba hilo," alisema Clara, mwenye glosari, huku akifuta meza. "Halafu ukimaliza umpe shemeji pole. Jana kaliwa mpaka nauli."

Raudha alikuwa amepiga magoti mbele ya dubwi, mashine ya kamari ya baba yake, sarafu za mia mbili zikimwagikia kwenye ndoo. Mkono ukasita.

"Shemeji yupi?"

"Yupi tena? Farhan wako."

"Farhan huja kunisubiri, Clara. Alhamisi tu."

"Alhamisi anakusubiri wewe. Jumatatu anamsubiri nani? Jumanne?" Clara akaacha kufuta. "Mama yangu! Kumbe ulikuwa hujui?"

Hakujua. Mzee Marijani wa Mbagala alikuwa na madubwi tisa kwenye glosari za watu. Mwenyewe haonji pombe, ila mashine zake hazina dini. Raudha ndiye aliyezifungua kila wiki mbele ya mwenye glosari, ambaye baba alimlipa kodi ya mwezi tu, hela yote ikaenda Mbagala. Hili la Gongo la Mboto lilikuwa liende Bunju. Ni Raudha aliyembembeleza baba lije hapa, eti pana watu wengi. Uongo mtupu. Farhan alikuwa fundi friji mlango wa pili, na binti alitaka sababu ya kumwona kila Alhamisi bila kuulizwa maswali. Mapenzi hayo.

Akampigia simu palepale. Farhan akaja anafuta mikono, anatabasamu. Alipoona uso wa Raudha, tabasamu likamfia mdomoni.

"Jumapili mnaleta mahari nyumbani. Hela ipo?"

"Ipo, mpenzi."

"Iko wapi?"

Farhan akalitazama dubwi. Raudha akafuata macho yake.

"Yote?"

"Imebaki laki moja. Raudha, haki ya Mungu nilianza kwa kukusubiri. Siku ile ya mvua ulichelewa, nikatia mia mbili moja, ikatema elfu sita. Si ndiyo niliyokununulia viatu? Ulifurahi mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nikaliwa. Nikawa nataka kurudisha tu. Kila siku nasema leo narudisha, naacha."

"Mama yako kauza kiwanja cha Kimbiji kwa ajili ya mahari hiyo, Farhan!"

"Nyamaza, watu watasikia."

"Mama anajua?"

"Kashashona gauni la harusi," alisema Farhan.

Raudha akarudi Mbagala na ndoo yake. Akamkuta baba barazani na kahawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gongo la Mboto imejibu?"

"Baba, unamjua anayecheza pale?"

Mzee Marijani akanywa funda moja, hana haraka.

"Clara kaniambia mwezi wa pili huu."

"Ukanyamaza?"

"Mashine haimshiki mtu mkono. Nilitaka nimjue mkwe wangu, nimemjua. Waache waje. Nitaiuliza mahari mbele za watu, waondoke na aibu yao."

"Na hela yake ulikuwa unaipokea kila Alhamisi, baba? Kutoka mkononi mwangu?"

"Biashara ni biashara, mwanangu."

Raudha akaingia chumbani, akaandika meseji: "Baba anajua kila kitu. Usije Jumapili."

Jibu likaja: "Nitawaambia nini wazee? Mama kaazima mpaka khanga za sare. Nakuja, liwalo na liwe."

Wakaja. Mzee Twaha, mjomba wa Farhan, akatoa bahasha kwa heshima zote. Masikini, hakujua alichokibeba. Mzee Marijani akaifungua mbele ya wageni, tena polepole.

"Laki moja. Tulikubaliana laki tisa, Bwana Twaha. Mmekuja kuoa au kununua vitumbua?"

Mzee Twaha akamgeukia mpwa wake. "Farhan, nyingine iko wapi?"

Farhan akainamisha kichwa. Ndani, nyuma ya pazia, Raudha akasikia mashangazi zake wakianza kunong'ona neno mwizi. Akainuka. Shangazi mmoja akamvuta mtandio, ukabaki mkononi mwake. Akatoka kichwa wazi.

"Shikamooni wazee."

"Rudi ndani!" alifoka baba.

"Mzee Twaha, mahari ni ya baba au ni yangu?"

"Ni haki yako, mwanangu."

"Basi imeshalipwa. Laki nane alizitia Farhan kwenye dubwi letu, kidogo kidogo, na baba alijua ni za nini. Nimezibeba mwenyewe kuja nazo hapa. Na laki moja hiyo. Imetimia."

Mzee Twaha akamgeukia tena mpwa wake.

"Farhan, kweli?"

"Kweli, mjomba."

"Na wewe Marijani, ulijua?"

Mzee Marijani akakohoa, akairudisha laki moja kwenye bahasha. Mzee Twaha akajifuta jasho. "Kama bibi harusi anasema imefika, imefika. Aitwe shekhe."

Farhan akainua uso, machozi yanamtoka. "Raudha, umeniokoa. Naapa sitagusa tena."

"Sijakuokoa. Mie sikutaki tena."

"Unanipenda. Sema hunipendi."

"Nakupenda, na ndicho kinachoniua. Lakini kila Alhamisi nikitoka pale na hela ya mama yako ndani ya ndoo, ulikuwa unanipokea ndoo, unaniuliza leo biashara vipi. Unacheka. Nitalala vipi na mtu huyo?"

Farhan akajifunika uso kwa viganja.

Raudha akamgeukia baba yake.

"Mwanamke akiikataa ndoa, mahari inarudi kwa wenyewe. Si ndivyo wazee?"

"Ndivyo," alisema Mzee Twaha.

"Basi baba, ingia ndani ulete laki nane za watu, uziongeze kwenye bahasha hiyo. Usimpe Farhan. Mpe Mzee Twaha, azifikishe mwenyewe kwa mama yake Farhan."

Mzee Marijani akawatazama wazee mmoja mmoja. Hakuna aliyemwonea haya. Mwisho akainuka, akaingia chumbani kwake, na wote wakasikia kabati likifunguliwa.

Raudha akarudi nyuma ya pazia, akakaa chini katikati ya wanawake, na hapo ndipo alipolia.