Chaja ya Anfal

Jamani, Jumamosi ile nyumba ya fundi Muhiddin pale Magomeni ilikuwa na raha zake. Mkewe Mauza alikuwa uani akipika vitumbua, na binti yao Anfal, wa darasa la nne, alikuwa akimmulikia baba yake tochi. Mezani kulikuwa na gemu la zamani, lile la kuchomeka kaseti, lililokufa kabla Anfal hajazaliwa. Muhiddin alilitoa matumbo yote, akabakiza gamba la kijivu, ndani akapachika kompyuta mpya ndogo ya kuenea kiganjani. Kitufe cha kuwashia alikiacha kilekile. Anfal angesomea humo, na akimaliza acheze.

Kilikosekana kitu kimoja tu, chaja.

Mafundi wetu wa Kariakoo mnawajua. Fundi hanunui kinachoweza kuazimwa. Hufungua kioo cha simu hii akakijaribu kwenye ile, kisha anarudisha, au anasahau. Muhiddin ameishi hivyo miaka kumi na tano. Basi macho yake yakatua kwenye mashine ya mvuke, ile anayovuta Anfal pumu ikimbana. Chaja yake ilikuwa volti kumi na mbili, zilezile alizotaka. Akajiambia anaazima mara moja tu, wala hakumwambia mtu, akabeba vyote akakimbilia Kariakoo kwenye meza yake ya kazi yenye skrini kubwa.

"Likiwaka unipigie, baba," Anfal alimwambia mlangoni.

Likawaka! Taa nyekundu ilipong'aa, Nassibu, anayeuza chaja meza ya jirani, alipiga makofi, na wapita njia wakajaa. Kila mtu alitaka kubonyeza. Muhiddin alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Simu ikatetema mfukoni mara tatu. Akadhani ni Anfal hawezi kusubiri, akacheka, akaiacha. Ya nne akapokea.

"Baba Anfal," Mauza alisema, "mtoto kabanwa kifua. Mashine ipo, chaja siioni."

Alichomoa chaja, skrini ikazimika, watu wakaguna. Alidandia bodaboda kurudi Magomeni.

Alikuta mlango wazi na vitumbua vimeungua. Jirani akamwambia Vicky wa nyumba ya pili amewakimbiza zahanati kwa bajaji. Alifika huko chaja ikining'inia mkononi. Muuguzi alimtazama, akaitazama chaja, akamwambia kwamba wangechelewa kidogo tu, sasa hivi angekuwa anampa habari nyingine.

Anfal alifumbua macho nyuma ya barakoa ya mvuke.

"Limewaka?" aliuliza.

Muhiddin alilia mbele za watu, na wala hakuona haya.

Leo kompyuta ile ina chaja yake yenyewe, aliyoinunua kwa Nassibu, hatua sita kutoka kwenye meza yake. Ile nyingine Mauza ameibandika karatasi: YA ANFAL. HAIAZIMWI.

FUNZO

Ndugu zangu, ubunifu ni jambo jema, na baba anayemtengenezea mwanawe kompyuta apongezwe. Lakini furaha ya kuunda isitufanye tuione nyumba yetu kuwa ghala la spea. Kifaa cha mgonjwa hakiguswi, hata kwa dakika moja, hata kwa nia njema. Na simu ya nyumbani ikiita, pokea.