Mapigo Ishirini na Tisa

Waliohudhuria kikao cha Jumanne, saa nne asubuhi, katika nyumba ya bati jekundu nyuma ya maghala ya kahawa, Mbinga: Mzee Mansuetus, mkuu wa kituo; Flavia, fundi wa mitambo na mlenga shabaha; Nicholaus, dereva; Benno Kinunda, mpelelezi.

Asiyekuwepo: Raimundi, karani wa gati la Mbamba Bay.

Raimundi hakuwa mgonjwa wala hakuwa amechelewa. Alikuwa ametekwa.

"Watu watatu, Hilux nyeupe," alisema Mzee Mansuetus huku akinawa mikono. "Saa moja asubuhi, mlangoni kwake. Walimwita Mbasa."

Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa. Lilikuwa pia jina la siri la Raimundi. Kwa mujibu wa jalada, lilijulikana na watu watano tu: yeye mwenyewe na hawa wanne waliolizunguka sinia moja ya ugali.

"Mzigo unavuka leo," Mzee aliendelea. "Bunduki arobaini ndani ya magunia ya kahawa. Verhoek atavuka nao, na Raimundi atakuwa botini. Wakifika katikati ya ziwa, hawatakuwa na haja naye tena."

Verhoek alikuwa mgeni aliyejitambulisha wilayani kama mnunuzi wa kahawa. Miezi sita alikuwa akiwaponyoka. Kila walipopanga kumvamia, walikuta ghala limefagiwa.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Hakuuliza. Swali lilikuwa wazi: nani amelitoa lile jina?

Benno aliinamisha macho, nayo macho yakatua juu ya saa yake.

Mzee Mansuetus alikuwa amelelewa kwenye sengu, baraza la wanaume wa Kimatengo ambamo ukoo hula pamoja kwanza na kuzungumza baadaye. Utaratibu huo aliuhamishia kazini. Simu zote zilibaki nje, ndani ya chungu chenye mfuniko. Mikono ilinawishwa. Saa zilivuliwa zisiingie maji na kupangwa katikati, kando ya sinia.

Simu ziliogopwa. Hakuna aliyewahi kuziogopa saa.

Pale palikuwa na Casio ya Nicholaus, Seiko ya Mzee, na Orvane ya Benno.

Orvane ile aliachiwa na marehemu mkuu wake wa kwanza. Ilikuwa na mtambo adimu: ukisukuma kitelezo ubavuni, nyundo mbili ndogo mno hugonga na kukutajia saa, robo na dakika. Mwaka jana ilinyamaza. Fundi saa wa Dar es Salaam aliifungua, akaifunga.

"Hii siigusi, mkubwa. Irudishe ilikozaliwa."

Kanuni ilikuwa wazi: kifaa kinachokwenda nje kipitie kwa Flavia kinapoondoka, na kipitie kwa Flavia kinaporudi. Benno hakuifuata; saa alimpa wakala mmoja mwenye duka la kioo na maneno matamu. Saa ilikaa ng'ambo miezi minne, ikarudi inang'aa.

Ilipiga tena. Lakini sauti ilikuwa butu, kama kengele iliyofungwa kitambaa.

Benno aliisikia tangu siku ya kwanza. Akajiambia kwamba wamebadilisha nyundo. Akajiambia kwamba sikio lake limesahau. Usiku baada ya usiku alijiambia, kwa sababu kumpelekea Flavia kungekuwa kukiri kwamba hakumpelekea mwanzo.

Sasa alijua kilichoziba sauti ile.

Alichukua kalamu ya Mzee. Akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa.

MSISEME NENO. SAA YANGU INASIKILIZA. NI MIMI.

Flavia alitoa kipimo chake cha mawimbi, akakipitisha juu ya Orvane. Taa nyekundu ikawaka.

Hakumtazama Benno. Afadhali angemtazama.

Mzee Mansuetus alimega tonge, akatafuna, akameza. Kisha akazungumza kwa sauti ya mtu asiye na habari.

"Basi nimeamua. Kikosi chote kiende gatini Mbamba Bay. Lipingo tuiache. Ile boti ya Verhoek kwenye ufukwe wa kule ni ya kutuzuga tu."

Mkono wake, wakati huohuo, uliandika: BENNO, FLAVIA: LIPINGO. NICHOLAUS: MBAMBA BAY NA SAA.

Benno aliongeza mstari mmoja chini yake. Nicholaus aliusoma mara mbili, akatikisa kichwa kuafiki.

*

Pikipiki aina ya Honda iliteremka milima kwa kasi. Mashamba ya ngolo, yenye mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, yalipita kulia na kushoto. Flavia alikaa nyuma, bunduki ya darubini ndani ya kanga mgongoni.

"Ungeniletea tu," alisema sikioni mwake, walipokuwa wakikata kona. "Ningekucheka siku moja. Basi."

Benno aliongeza mwendo.

Saa saba kasororobo mchana walilala nyuma ya jiwe, juu ya ufukwe wa Lipingo. Chini yao palikuwa na chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile. Mbele ya chanja, boti ya injini mbili za Yamaha. Watu wawili walikuwa wakipakia magunia.

Verhoek alisimama tezini, nyuma ya boti. Bastola yake aina ya Glock ilikuwa kisogoni mwa Raimundi. Sikioni mwa Verhoek mlikuwa na kisikilizio cheusi.

Alikuwa akiisikiliza Mbamba Bay. Alikuwa akitabasamu.

"Siwezi kumpiga," Flavia alinong'ona. "Akishtuka tu, kidole kinavuta."

Benno alibonyeza redio, akamwita Nicholaus. "Ngolo Mbili, uko wapi?"

"Gatini, kaka. Niko nje ya gari. Saa yako iko kwenye dashibodi, inasikiliza kwaya."

"Uusome ule mstari wangu tena."

"Saa saba kasoro dakika moja, nikisukume kitelezo. Kwa nini kasoro moja?"

"Mishale itakuwa kwenye kumi na mbili na dakika hamsini na tisa. Kumi na mbili za saa, tatu za robo, kumi na nne za dakika. Mapigo ishirini na tisa. Siku nzima haina dakika yenye kelele kuliko hiyo."

"Na kinasa sauti kimelala ubavuni mwa nyundo," Flavia alimalizia polepole. "Mungu wangu. Itapasua sikio."

Benno alishuka akitambaa kati ya chanja. Harufu ya usipa ilimjaa puani. Mita thelathini. Ishirini. Kumi.

Dakika ikafika.

Verhoek alipiga yowe. Mkono wenye bastola uliruka kwenda sikioni.

Flavia alifyatua mara moja. Bastola ikatumbukia majini.

Benno alikuwa tayari hewani. Bega lake lilimkuta Verhoek kifuani, wakaanguka juu ya magunia. Ngumi moja. Pingu. Wapakiaji wawili walitazama kule juu kwenye jiwe, risasi ya pili ikachimba mchanga mbele ya miguu yao, wakalala kifudifudi bila kuombwa.

Kisikilizio kilikuwa sakafuni mwa boti, bado kikigonga kwa mbali. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Benno alikata kamba iliyomfunga Raimundi. Vidole viwili vya Raimundi vilikuwa vimevunjwa.

"Kaka Benno, nisamehe," Raimundi alisema.

"Nikusamehe nini?"

"Lile jina nilimwambia Edina. Nilivunja sheria. Waliponiita Mbasa, nilijua ni yeye." Alimeza mate. "Nilimpigia kelele pale pale mlangoni, majirani wote wakisikia. Nilimwambia, mke wangu, umeniuza."

Benno aliutazama ukanda mweupe wa ngozi kwenye kifundo cha mkono wake, mahali saa ilipozoea kukaa.

"Hakukuuza Edina, Raimundi," alisema. "Nilikuuza mimi."

*

Waliohudhuria kikao cha saa kumi na moja jioni: wale wale, na Raimundi, mkono wake ukiwa na plasta.

Orvane ilikuwa mezani, tumbo wazi. Flavia alikuwa ameng'oa kinasa sauti, kidogo kama punje ya ulezi.

"Kwenye ripoti," alisema Mzee Mansuetus bila kuinua kichwa, "nitaandika kwamba adui aliingilia chombo cha kazi. Majina si lazima. Mzigo umekamatwa. Mtu wetu yuko hai."

"Shika lako na unyamaze, kaka," Nicholaus aliongeza. "Umeshinda."

Benno alisimama. Alifungua mkanda wa bastola, akauweka mezani kando ya saa, akaunyoosha mpaka ukakaa sawa.

"Mzee, kwa heshima zote, andika jina langu. Na nimeamua jambo jingine, nawatangazia nyote. Ninashuka Mbamba Bay sasa hivi, pamoja na Raimundi. Nitasimama mlangoni kwa Edina, majirani wale wale wakiwepo, niseme mimi ni nani na nilifanya nini. Najua nikishajitaja hadharani sitafaa tena kwa kazi hii, hapa wala kwingine. Raimundi, twende. Mkeo amekaa na neno lile tangu asubuhi."