Gololi za Batholomeo

Gurudumu lililoning'inia ukutani lilianza kuzunguka lenyewe saa nane mchana, na upepo haukuwepo. Ebenezer, fundi baiskeli wa karakana ya kikundi cha mafundi pale Ipagala, Dodoma, alilishika likatulia. Alipoliachia, likaendelea. Karakana nzima ikanuka zabibu zilizochacha.

Alijua fika lilikotoka. Batholomeo, mchuma zabibu wa Makutupora, alifia barabarani juu ya baiskeli yake, na mjane wake akamwomba fundi akaitupe korongoni ikiwa nzima. Kwao chombo alichofia mtu hakifunguliwi. "Sawa, dada," Ebenezer aliitikia, kisha akaifungua yote apate vipuri. Akiba haiozi, ndivyo alivyozoea kusema. Hata gololi za ndani ya magurudumu alizimwaga kwenye kopo la gololi kuukuu.

Sasa mlango ulijifunga. Akauvuta, akaupiga teke, akauvuta tena, na nyuma yake magurudumu yote yakazunguka kwa pamoja, minyororo ikilia, harufu ikimkaba kooni, mpaka pumzi ya mtu ikamgusa shingoni.

"Fundi, niunganishe. Nataka kwenda nyumbani, Makutupora."

"Baba Anitha! Mbona umejifungia?" Ilikuwa sauti ya Yasinta, mkewe, na hapo mlango ukafunguka.

Yasinta, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni, alikuwa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, anayoiendesha kwa mikono. Ndiye aliyemwita Bibi Generosa, mganga kutoka Mpwapwa.

"Shikamoo, bibi," Ebenezer alimwamkia, vipuri vya Batholomeo na kopo la gololi amevikusanya sakafuni.

"Marahaba. Vyote vyake vizikwe. Ikibaki hata gololi moja, ataifuata hiyo. Vimekwisha?"

Ebenezer alitazama baiskeli ya mkewe. Wiki iliyopita aliitia gololi za kopo lile, akamwambia ni mpya. Aibu ikamfunga mdomo. Nitazibadilisha kesho kimyakimya, aliwaza.

"Vimekwisha, bibi."

Wakavizika korongoni. Harufu ikatoweka, naye, kwa furaha hiyo, kesho yake akaahirisha kuzibadilisha zile gololi.

Alasiri ya siku ya tatu Yasinta alipita mbele ya karakana kwa kasi ambayo mikono yake haikuwahi kuwa nayo. Ebenezer alitoka mbio.

"Achia, mke wangu! Jirushe!"

"Mikono haibanduki!" Alikuwa analia. Harufu ya zabibu ilimfuata nyuma. "Inanipeleka! Baba Anitha, uliniambia ni mpya!"

Ebenezer alikimbia mpaka akaanguka. Baiskeli ilikata kona, ikashika barabara ya Makutupora.