Kigingi cha Ishirini na Moja

Magige, jirani yetu wa Genkuru, si mtu wa kutia chumvi. Ameendesha tingatinga miaka kumi na mmoja. Haya alitusimulia mwenyewe, wiki ile ile aliyoacha kazi.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, ukungu umeshaondoka kilimani. Magige alikuwa juu ya rundo la mawe taka, yale yasiyo na dhahabu, katika mgodi mdogo uliofunguliwa ng'ambo ya kijiji. Mawe hayo hayamwagwi ovyo. Hupangwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikasambazwa na kushindiliwa, kisha pembeni huchomekwa vigingi vya kupimia. Vilikuwa ishirini, mstari mmoja ulionyooka. Kimoja tu kikisogea zaidi ya kiganja, kazi inasimama, kwa sababu bondeni, chini ya mteremko wa rundo lile, kuna nyumba ya Bibi Wegesa na wajukuu zake.

Msimamizi wao, Vedasto, alikuwa bingwa wa dharau. Alidharau ugali wa mtama, alidharau Kiswahili cha wenzake, na wazee ndio kabisa. Tunawajua watu wa aina hii: wamesoma kitabu kimoja, basi kila asiyekisoma ni mshamba. Hata kupima vigingi aliona ni kupoteza muda. Alitembea na penseli nyekundu sikioni, na ile penseli iliandika uongo mwingi.

Asubuhi hiyo vigingi vilikuwa vimesogea hatua nzima. Wala havikuteremka, kama ambavyo rundo bovu hufanya. Vya katikati vilikuwa vimepanda mlima.

"Wahuni wa kijiji hao," Vedasto alisema. Akavirudisha, akaandika: hakuna mabadiliko. Magige alimwona, akanyamaza. Ukimya ule unamuuma mpaka leo.

Jumatano mstari ulikuwa umepinda. Alhamisi vigingi vilikuwa vimesimama duara, na upande wa mteremko pameachwa nafasi ya kupita ng'ombe wawili. Mkurya hahitaji kuelezwa umbo hilo. Magige alizima mashine, akateremka kumwita Bibi Wegesa.

Bibi alipanda na fimbo yake, akatazama duara kwa muda mrefu.

"Hili ni boma la baba wa mume wangu," alisema. "Alizikwa hapa, kando ya zizi lake. Mlisema mmemhamisha."

"Makaburi yote tuliyahamisha," Vedasto alijibu.

"Mlihamisha mawe ya juu, mura, kijana wangu. Mwenyewe mmemwacha." Bibi akashusha sauti. "Zizi lisilo na gogo la mlangoni halitulii. Mzee anatafuta la kufungia. Asipolipata, mawe haya yote yatatoka na mifugo yake, yanikute nyumbani."

Vedasto alicheka mpaka machozi. Kicheko cha mtu aliyeshiba ujinga.

"Basi mwambie asihangaike! Nitamfungia mimi mwenyewe!"

Bibi Wegesa alijiziba mdomo. "Umesemea mlangoni," alinong'ona. "Ahadi ya mlangoni mwenye zizi huidai."

"Magige! Sukuma mawe, ziba hapo!"

"Siwezi, bosi."

"Waoga wakubwa nyie." Vedasto akatema mate, akaingia mwenyewe kwenye ile nafasi, ang'oe vigingi kwa mikono.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Magige alisikia harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe. Kisha kengele. Ndogo, kama ya ndama. Ilitoka chini ya mawe.

Vedasto alisimama. Aliangalia miguu yake. Hakuinua hata mmoja.

"Magige," alisema taratibu. "Ndugu yangu."

Hakuwahi kumwita ndugu. Vumbi likapanda. Magige akafikicha macho. Alipoyafumbua, hapakuwa na mtu.

Hakuna jiwe lililoanguka. Walifukua siku mbili. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La Vedasto hata halikuonekana. Wakubwa wa mgodi, kwa akili zao nyingi, waliandika kwamba ametoroka kazini.

Sasa anayepima ni binti anaitwa Lilian. Rundo halijasogea hata unywele tangu siku ile, na Bibi Wegesa analala usingizi wake. Uongo wa Vedasto umegeuka kweli, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza alipokuwa hai.

Ila kuna kitu Lilian haandiki. Vigingi ni ishirini na kimoja. Hicho cha mwisho kimelala mlangoni, kinene kama mtu, na asubuhi vingine vikilowa umande, chenyewe kikavu, cha moto. Karibu na ncha yake moja, penseli nyekundu imezama kwenye gome kama imeota humo. Lilian alijaribu kuichomoa, ikagoma.

Anasema kila wiki akiiangalia inazidi kuwa fupi.