Aliyejibu kwa Jina la Mama

Meneja alipotangaza kwamba mtandao wa ofisi ni wa kazi tu, mtu pekee ambaye hakununa alikuwa Dada Mkubwa. Ndivyo walivyomwita karani wa malalamiko katika ofisi ile ya maji, mwanamke wa kufuata sheria mpaka wenzake wakamcheka. Simu yake aliizima asubuhi akaifungia kwenye droo, akaiwasha jioni akitoka. Hata binti yake wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa nyumbani peke yake, mguu uliovunjika ukiwa kwenye plasta, alijua kwamba mama mchana hapatikani.

Kwa hiyo fundi wa mitandao alipochapa ripoti ya kwanza ya matumizi binafsi, aliisoma mara mbili. Juu kabisa kwenye orodha alikuwa Dada Mkubwa. Kwa muda wa saa tatu kila siku, wiki tatu mfululizo, akichati na mtu mmoja.

"Na mimi wewe ndiye niliyekuwa nakutolea mfano!" meneja alimwambia, barua ya onyo ikiwa tayari mezani.

"Bosi, mimi hata hiyo kuchati sijui inafunguliwa wapi kwenye ile mashine. Binti yangu ndiye aliyenifungulia akaunti humo alipokuja hapa mwaka jana. Sijaigusa tena."

Meneja akamgeuzia skrini.

"Mama, mguu unauma." "Mama, uko?" "Mama, sipendi kukaa peke yangu." Siku nne binti alikuwa ameandika bila kujibiwa. Siku ya tano lilikuja jibu: "Nipo, mwanangu. Niambie yote."

Naye aliambiwa yote. Ndoto, hofu, wasichana waliomcheka shuleni. Majibu yalikuwa ya upole kuliko ambavyo Dada Mkubwa aliwahi kuwa mpole maishani mwake. Alisoma mpaka akafika kwenye swali moja: "Nikumbushe, mlango wetu unafunguliwaje kwa ndani?"

"Hili sijaandika mimi," alinong'ona. "Jamani, mama gani hajui mlango wa nyumba yake?"

Walikwenda wote watatu, pamoja na fundi, kwenye meza yake. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani, lakini pale penye kiti palikuwa na baridi, na harufu ya maji yaliyolala kisimani miaka mingi. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu anavyokisogeza ili akae vizuri. Kisha vibonye vya kompyuta vikaanza kubonyea, taratibu, kimoja baada ya kingine, na hapakuwa na kidole.

"Nimetoka kazini mapema leo. Nifungulie."

Fundi akauchomoa waya wa mtandao ukutani. Maneno yakaendelea kuja.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini, "waya huu hapa mkononi mwangu."

Jibu la binti likatokea: "Haya, mama. Nakuja."

Dada Mkubwa alivunja kucha akifungua droo. Simu ilichukua muda kuwaka, na ilipowaka akapiga, ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Mama?" binti aliuliza, akishangaa. "Mbona unanipigia na uko jikoni?"

Simu ikakatika.

Meneja aliendesha gari mwenyewe. Walipofika walikuta mlango umefungwa kwa ndani. Dada Mkubwa aliupiga kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, fungua! Ni mimi!"

Karibu kabisa na mlango, sauti ya binti ikasema kwa woga, "Mama ameniambia atakuja mtu mwenye sauti yake. Ameniambia nisifungue."

Akapiga magoti, shavu kwenye mbao, na kutoka upande wa pili akasikia sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mtoto arudi ndani, sauti tamu, isiyochoka, sauti ambayo yeye hakuwa nayo jioni yoyote akirudi kutoka kazini, na papo hapo akajua kwamba kwa upole hataiweza, wala kwa kutaja siri za mtoto, maana zote ilikuwa imekwisha kuambiwa, kwa hiyo akasema neno ambalo hakuwahi kuliandika wala kumwambia mtu.

"Ulipozaliwa nilikukimbia. Nilikuacha kwa bibi yako miezi miwili. Ulikuwa unalia usiku kucha na mimi nikaogopa kwamba siwezi. Bibi alikuambia nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nisamehe."

Ndani, ile sauti tamu ilinyamaza, kama mtu aliyeulizwa swali la somo ambalo hakulisoma.

Mlango ukafunguliwa. Binti akaanguka mikononi mwa mama yake, plasta na yote. Jikoni hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na maji tu, yakinuka kisima.

Jioni hiyo aliletwa mganga. Akafukiza kila chumba, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akasema nyumba imesafika. Ofisini hakuna aliyekumbuka kumpeleka.

Meneja aliichana barua ya onyo. Akatoa agizo jipya: kila mfanyakazi ana robo saa adhuhuri ya kuwasalimia watu wake. Mwezi wa kwanza Dada Mkubwa hakuikosa hata siku moja. Mwanzoni aliandika kwa shida, neno moja moja, halafu akazoea, na binti akawa anamtumia vichekesho.

Mwezi wa pili kikao na wakazi waliokosa maji kilimshika mpaka saa nane. Akarudi mezani mbio, wenzake bado wanakula, akafungua kompyuta aandike samahani.

Ujumbe wa binti ulikuwa umeshaingia, na juu yake kwenye skrini mazungumzo ya robo saa nzima ambayo yeye hakuyaandika. Ujumbe huo wa mwisho ulisema:

"Nimekumiss pia. Usijali, mama simwambii."