Kuku wa Mselem

Jumapili ile ilianza kama Jumapili nyingine zote za Winson Green, Birmingham: kengele ya kanisa, harufu ya makaa ya mawe, na Alfayo akilalamika kwamba baridi ya Waingereza haina adabu. Mumbua, mkewe, alikuwa na siku ya mapumziko hospitalini alikokuwa nesi. Alfayo naye hakuwa na shifti kwenye kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Siku nyingi walikuwa wakionana mlangoni tu, mmoja akitoka mwingine akiingia, kwa hiyo kukaa pamoja mchana kutwa kwao ilikuwa sikukuu.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1972. Wachimba makaa walikuwa wamegoma na umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Mchana huo mtaa wao ulikuwa nao. Mumbua akawasha televisheni ya kukodi, ile aliyoipigania mwaka mzima kwa sababu Alfayo alidai kwamba televisheni ni kuingiza nyumbani wageni ambao hukuwaalika.

Alfayo alikuwa mtu mpole. Hivyo ndivyo Mumbua alivyomjua. Yeye Mkamba, mumewe Mkisii, walikutana Nairobi wakaelewana kwa Kiswahili, wakamzaa Kemunto, waliyemwacha Kisii kwa bibi yake mpaka maisha yatengemae. Alijua kwamba enzi za mkoloni mumewe alikuwa askari jela. Alijua pia kwamba hapendi kuulizwa habari hizo, na kwamba kila walipopita kando ya ukuta mrefu wa gereza la pale mtaani alivuka barabara na kutembea upande wa pili. Mumbua alikuwa akimcheka.

Filamu iliyokuwa ikionyeshwa ilikuwa ya zamani mno, ya Kimarekani, nyeusi na nyeupe, sauti ikikwaruza. Wanaume waliohukumiwa kifo walikuwa wamepangwa safu moja, kila mtu na chumba chake, na mwisho wa ujia kulikuwa na mlango ambao wote walijifanya hawauoni. Mlinzi mmoja mnene alikuwa akiwachokoza. Mumbua alijua tu kwamba huyo hafiki mwisho wa filamu. Katika chumba cha mwisho alikuwemo mtu mweusi, peke yake kati ya wote, akiimba. Filamu za wakati ule zilikuwa hivyo; mweusi akionekana, basi ni wa kuimba.

Alfayo aliingia na vikombe viwili vya chai wakati mlinzi anampelekea mfungwa mmoja sahani yake ya mwisho. Ilikuwa kuku.

Yule mtu mweusi akaacha kuimba. Akaja mpaka kwenye nondo, akazishika. Hakumtazama mlinzi. Alitazama nje ya kioo, sebuleni.

"Afande," akasema. "Mamangu hakuja?"

Vikombe vikaanguka.

"Baba Kemunto, umesikia?" Mumbua alicheka kwa mshangao. "Ameongea Kiswahili! Kiswahili cha Mombasa kabisa!"

Wakati huohuo umeme ukakatika. Taa ikazima, na redio ya jirani yao Lakhbir ikanyamaza upande wa pili wa ukuta. Dirishani mtaa mzima ulikuwa giza la saa kumi na moja ya baridi.

Televisheni haikuzima.

Wafungwa walikuwa wameshapata funguo. Walimkamata mlinzi mnene, wakaanza kumpiga. Pigo la kwanza lilimshukia mlinzi tumboni, na Alfayo akajikunja sebuleni. Pigo la pili lilimpata mlinzi mdomoni. Jino la Alfayo likaruka na kugonga kioo. Mumbua alilisikia likigonga. Akamvamia mumewe kumkinga, akahisi mgongoni upepo wa ngumi zinazompita bila kumgusa, moja, nyingine, nyingine tena, na chini yake mbavu za Alfayo zikivunjika kama kuni kavu.

Kisha kioo kikafa. Kukabaki sauti ya funguo, zikitikiswa taratibu jikoni.

"Ni nani yule?" Mumbua alinong'ona.

"Anaitwa Mselem." Alfayo alikuwa akitema damu. "Alimchoma mtu kisu bandarini. Siku moja kabla ya kunyongwa, mama yake alikuja getini, kule jela Nairobi. Alikuwa amesafiri kwa gari moshi kutoka Mombasa usiku kucha. Ana bakuli, amelifunga kwa leso. Kuku wa kupaka. Akaniambia, mpe mwanangu. Mwambie mama amekuja."

"Ukampa?"

Alfayo alipangusa damu kidevuni.

"Baba Kemunto. Ulimpa?"

"Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nilifungua kunusa tu. Halafu nikawaza, mtu wa kufa kesho, chakula cha nini?"

"Na alipouliza?"

"Ningesemaje, na bakuli tupu? Nilimwambia hakuja." Akafunika uso. "Walipokuwa wakimpeleka alikuwa anageukageuka nyuma. Mpaka mlangoni. Anageuka tu."

Mumbua alimwaza Kemunto kule Kisii, akiambiwa mama hakuja. Kwa muda wa pumzi moja alimchukia mumewe, chuki safi isiyo na doa. Kisha akaona damu ikimtoka sikioni, akaenda kutafuta kitambaa. Alikuwa mume wake. Hakuwa na mwingine na hakumtaka mwingine.

Waliirudisha televisheni dukani Jumatatu. Funguo hazikuondoka nayo. Alfayo, kwa ubishi wake, alifunga mbavu kwa bendeji akaenda kazini, akarudi na vidole viwili vimesagwa. Alisema ni mashine. Mumbua akamkumbusha kwamba kiwanda chao hakikuwa na umeme siku hiyo, naye Alfayo akainamisha kichwa.

Ndipo Mumbua alipokwenda Balsall Heath kwa Bi Mwatima, mama wa Kizanzibari ambaye watu wa nyumbani walimwendea kwa mambo wasiyoweza kumweleza daktari. Bi Mwatima alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mumbua.

"Keshamvunja mbavu, keshamvunja vidole," Bi Mwatima alisema. "Safari ijayo ni shingo. Basi mpikie. Kuku yuleyule, wa nazi. Mumeo amwandalie kwa mkono wake na aseme kweli. Lakini nisikilize, mwanangu. Mara ile mwengine alimtangulia kula. Mara hii ulimi wa mwanzo uwe wake yeye. Usionje. Hata chumvi usionje."

"Na nikikosea?"

"Mwenye njaa humpigi chenga mara mbili."

Alinunua kuku na kipande cha nazi iliyogandishwa dukani kwa Jagjit. Alianza kupika alasiri, umeme ukiwa umekatwa, mshumaa kando ya jiko la gesi. Alimchoma kuku, akayeyusha nazi, akatia manjano, kitunguu thomu, ndimu. Midomo yake haikuacha kunong'ona: usionje, usionje. Alfayo alikaa mezani na shati la Jumapili, ameishika Biblia ambayo hakuifungua.

Funguo zilisikika mtaani. Kisha mlangoni. Kisha ndani, ujiani.

"Bado, Mama Kemunto?"

"Karibu."

"Fanya haraka. Tafadhali."

Nazi ilianza kuchemka. Mumbua alikoroga, masikio yote yako ujiani. Na mkono una akili yake. Mumbua amepika tangu hajafikia urefu wa meza, na hakuna mpishi wa kwao anayeepua chungu bila kujua habari ya chumvi. Mwiko ukapanda. Tone likadondoka kwenye kiganja cha kushoto. Ulimi ukalipitia.

Chumvi ilikuwa imekolea. Akaridhika, akazima jiko. Wala hakujua amefanya nini.

Alfayo alipakua kwa mikono yake mwenyewe. Aliiweka sahani mbele ya kiti kitupu, akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi.

"Mselem," alisema. "Mama yako alikuja. Alipanda gari moshi usiku kucha. Alikupikia. Mimi ndiye niliyekula. Mimi ndiye niliyesema hakuja."

Funguo zikanyamaza.

Kiti kikavutwa. Kikakaliwa; Mumbua aliuona mto ukibonyea. Paja la kuku likainuka kutoka kwenye sahani, likasimama hewani kimo cha mdomo. Nyama ikachanika. Walisikia mtu akitafuna, na katikati ya kutafuna walisikia mtu akilia, kilio cha chinichini cha mtu mzima anayeona haya. Alfayo naye alikuwa analia. Mumbua alimshika bega, akahisi mzigo wa miaka ukishuka, akasema moyoni, Mungu ni mwema, tutarudi nyumbani.

Kutafuna kukakoma.

Kitu kikatemwa. Kikaanguka mezani, cheupe, kimelowa.

"Kimeonjwa."

Mumbua akatazama kiganja chake. Katikati, chini ya mwanga wa mshumaa, kulikuwa na doa la manjano.

"Ni mimi!" alipiga ukelele. "Mselem, ni mimi, si yeye! Mkono tu! Ni mkono!"

Meza ikapinduka. Mshumaa ukabingirika, haukuzima. Alfayo alinyanyuliwa kutoka kwenye magoti yake, kwa shingo, mpaka kichwa kikagonga dari. Plasta ikamwagika. Kikagonga tena. Damu ikachora dari. Miguu ikapiga teke hewani, kiatu kikachomoka. Macho yalimtoka. Alikuwa akimtazama Mumbua, mdomo ukijaribu kusema jambo.

Mumbua alirukia miguu ile. Aliikumbatia kwa mikono miwili na kuivuta chini, arudi chini, arudi kwake. Alivuta kwa uzito wake wote. Nesi mzima. Mtu aliyening'inia huinuliwa, havutwi. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Lakini hapakuwa na kamba ya kuonekana, na hofu haina shule.

Shingo ikalia. Sauti kavu, fupi.

Alfayo akamwangukia mikononi, mzito, kama mzigo uliokatwa kamba.

Lakhbir ndiye aliyevunja mlango. Alikuwa Kalasinga wa Nakuru, na aliuliza kwa Kiswahili, "Mama, nani amefanya hii?" Mumbua aliitazama mikono yake; jibu la kweli lilikuwa humo. Polisi walitafuta kamba, hawakuiona. Walitafuta ndoano darini, haikuwepo. Alama ya kamba ilikuwepo shingoni, wazi kabisa, mpaka nyuzi zilizosokotwa zilihesabika. Mwishowe waliandika kwamba alijinyonga, wakafunga faili.

Hawakukiangalia kiganja cha Mumbua. Doa la manjano, ambalo halitoki hata kwa sabuni ya kufulia, lilikuwa limetoka. Kiganja kilikuwa kimelambwa, na bado kilikuwa na unyevu.

Kemunto alikuja Birmingham mwaka 1979, binti mkubwa sasa, akamkuta mama yake katika nyumba ileile. Hakuelewa kwa nini hajahama. Jioni ya kwanza mama alimpikia kuku kwa nazi, na Kemunto akasimama mlangoni mwa jikoni kumtazama, maana alikuwa amemkosa miaka mingi.

Mumbua alidondosha mchuzi kwenye kiganja cha kushoto. Hakuupeleka mdomoni. Aliunyoosha mkono pembeni, kwenye kona isiyo na mtu, akangoja.

Mchuzi ukapungua kiganjani, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikabaki inang'aa.

"Imetosha?" mama aliuliza polepole.

Kemunto hakusikia jibu lolote. Mumbua akajipangusa kwenye aproni, akafungua kopo, akaongeza chumvi kidogo.